Mwandishi wa Mizigo

Kariakoo kwetu, mtu akiuliza "Mwandishi yuko wapi?" hatafuti mtu wa magazeti. Ana furushi limeshafungwa, lori la mkoani linaondoka alasiri, na anataka liandikwe. Miaka yote hiyo tulimnyooshea kidole upande mmoja tu, kwenye baraza la duka la kamba linalotazamana na langu. Hapo palikuwa na mzee mmoja mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni na joto hili la Dar, amechuchumaa juu ya kiroba na kalamu ya makapeni nyeusi, anaandika herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Jina lake nalijua lakini silitaji. Alilitumia kwenye makaratasi tu, na makaratasi ndiyo yaliyomponza. Alizaliwa wapi na wazee wake walikuwa kina nani, hayo pia nayaacha. Kwake yeye yalikuwa mambo ya kusikia, kama yalivyo kwangu. Nataka kumsema nilivyomjua, kwa sababu lipo jambo nililomfanyia mwishoni ambalo mpaka leo sijui kama ni dhambi au ni wema, na halieleweki bila kuijua kazi yake.

Mimi nauza vyombo: masufuria, chupa za chai, sahani, mabeseni. Wateja wangu wengi ni wa mikoani. Wanakuja alfajiri, wananunua, wanaondoka, na mzigo unabaki. Unafungwa kwenye sandarusi, unashonwa kwa sindano ya gunia, halafu unakaa nje barazani, kweupe, kati ya watu wote wa Kariakoo, mpaka kuli aje auchukue. Mlinzi hauna. Unalindwa na maandishi. Mzigo usioandikwa ni wa yeyote: atausogeza, ataukalia, ataondoka nao na ukimkamata atakuapia alidhani ni wake. Lakini mzigo ulioandikwa hauguswi. Anayeweka mkono juu yake amejitwisha mwenyewe. Ukipungua hata uzi, wa kujibu ni yeye. Nimeona makuli wenye vifua vya kubomolea mlango wakizunguka furushi dogo la mtu wa Kahama kama wanazunguka kaburi. Sheria hii haikuandikwa popote, na wanaoivunja hawarudi tena mtaani kwetu.

Maandishi yenyewe ni mistari mitatu. Jina la mwenye mali, mji, namba ya simu. Basi. Kama mwenye mali atakuja kuuchukua yeye kwa mkono wake, mahali pa mji unaandika neno moja: MWENYEWE. Mzigo wa MWENYEWE unaweza kukaa hata miezi. Tulikuwa na mzigo wa mama mmoja wa Mpanda ambaye alifiwa akaondoka ghafla. Ulikaa barazani tangu kabla ya Ramadhani mpaka baada ya Idi, tukifagia kuuzunguka, na alipourudia aliukuta na vumbi lake.

Mwandishi alikuwa na masharti yake juu ya hayo, na alikuwa mkali nayo. Haandiki mzigo ambao gari lake halijajulikana. Haandiki kilichomo ndani. Na haandiki uongo. Siku moja mfanyabiashara mmoja alitaka furushi la viatu liandikwe jina la mtu mwingine ili akwepe maneno na mkewe. Mwandishi akafunika makapeni, akasimama. "Mzigo ukidanganywa unakwenda wapi?" alimuuliza. "Utazunguka nchi nzima unatafuta mtu ambaye hayupo." Yule bwana akamwita mzee mwenda wazimu, akaenda kuandika mwenyewe kwa mwandiko wa kuku.

Sharti la kutoandika kilichomo alilipata kwangu, na alilipata vibaya.

Alikuwa mgeni kabisa. Bwana Kamba, Mhindi mwenye duka lile, mtu wa maneno machache ambaye familia yake imeuza kamba na sindano hapo tangu enzi za babu yake, alimkuta amekaa kivulini barazani kwake anaandika herufi kwenye kipande cha boksi kwa mkaa. Akazipenda, akampa makapeni. Kazi ya kwanza ilikuwa mzigo wangu wa kwenda Tunduma. Huyu bwana akauandika kama alivyofunzwa huko alikotoka: jina, mji, halafu ubavuni, kwa herufi safi zinazovutia macho, CHUPA ZA CHAI, MASUFURIA, SAHANI, na mshale, UPANDE HUU JUU. Mimi sikuuangalia. Mzigo ulifika Tunduma umechanwa, chupa za chai hazipo.

Nilivuka barabara na khanga ikinidondoka. "Mzee gani wewe? Unawaandikia wenzako menyu? Mwizi mkubwa wewe! Mwizi!"

Neno hilo Kariakoo halisemwi ovyo. Nililisema kwa hasira, na kabla sijalimeza watu walikuwa wameshageuka. Mmoja alikuwa na kipande cha tofali mkononi, sijui alikitoa wapi haraka vile. Na yule mzee hakukimbia wala hakubisha. Alipeleka mikono nyuma ya mgongo, akaikutanisha, akapiga magoti kwenye lami, akainamisha kichwa. Alifanya kwa utaratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Bwana Kamba ndiye aliyetoka dukani akipiga kelele kwamba ni kosa lake, yeye ndiye hakumwelekeza, na akasimama mbele yake na tumbo lake lote mpaka watu wakatawanyika.

Niliomba radhi kesho yake, na kesho kutwa, na nimeomba kila mwaka. Yeye alikuwa anasema, "Hukukosea sana, dada." Nilidhani ni upole tu.

Hiyo mikono ya nyuma ilikuwa tabia yake. Akiingia dukani, duka lolote, aliifunga nyuma ya mgongo tangu mlangoni. Hata akichagua kikombe chake mwenyewe cha kunywea chai, alikuwa anaelekeza kwa kidevu: "Kile. Hapana, kile cha pembeni." Akitoka alifungua mfuko wake wa plastiki akuonyeshe, ulitaka hukutaka. Nilimgombeza mara ngapi sijui. "Mzee, utanifukuzia wateja, watadhani hapa tunapekuana." Alicheka, na siku ya pili alifungua mfuko tena.

Kiswahili chake ndicho kilichotuchekesha miaka ya mwanzo. Alikuwa na kile tu alichokisikia kwa mama yake jikoni: majina ya vyakula na makaripio. Siku mgambo walipokuja kuondoa watu barazani, aliwatazama akawaambia kwa sauti ya mzazi, "Nyamazeni, kaeni chini, kuleni." Mgambo mmoja alicheka mpaka akakaa kweli. Na salamu! Kumbukumbu yake ilikuwa imeshika sauti ya mama tu, yake mwenyewe imepotea. Basi akikutana na bibi wa watu, anatangulia yeye: "Marahaba!" Mabibi wa Kariakoo wakamsonya. "Nani amekuamkia?" Ilinichukua wiki mbili kumgeuza aseme shikamoo.

Alipenda mvua, hilo hatukuwahi kumwelewa. Sisi mvua ikija tunakimbilia kufunika mali, yeye alifunika ya watu kwanza halafu akasimama nje uso juu. Alikula mkate aliouchoma kwenye jiko la mkaa la mama lishe, mkavu, kipande kimoja kimoja. Alipanga foleni mahali pasipo na foleni. Jumapili alishuka mpaka Magogoni, akasimama kwenye foleni yake ya peke yake huku watu wakimpita kushoto na kulia, akapanda kivuko mpaka Kigamboni na kurudi bila kutembea popote. "Ndiyo ng'ambo niliyoruhusiwa," alisema. Nikadhani ni mzaha wa mzee.

Niliujua ukweli siku ya yule mwizi wa mashuka.

Ilikuwa adhuhuri, mwezi wa biashara, mtaa umejaa. Kelele zilianzia upande wa Mnazi Mmoja, na aliyekuwa anakimbizwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ameshika bunda la mashuka ambalo wala hakukumbuka kulitupa. Aliangukia mbele ya baraza letu. Walimzunguka kabla hajainua kichwa. Nilisikia teke la kwanza, na sauti ikaita tairi. Tunajua sote tairi linaletwa kwa ajili ya nini. Nami nilisimama mlangoni kwangu na mkono mdomoni, sikusogea.

Mwandishi aliingia kwa chini, kati ya miguu ya watu. Alimlalia yule bwana juu kwa juu. Mateke mawili matatu akayapata yeye. Halafu, wallahi, akaanza kumfunga. Alikuwa na kamba begani kama siku zote, na alimfunga kama anavyofunga furushi: mzunguko wa kifua, mzunguko wa miguu, msalaba, fundo, akikaza kwa goti. Watu walipumbaa kwa sababu ilikuwa kazi wanayoiona kila siku. Akang'oa kifuniko cha makapeni kwa meno, akaandika mgongoni kwa mtu, kwenye shati jeupe lililochanika, herufi kubwa: POLISI.

Akasimama. Damu ilikuwa inamtoka sikioni.

"Mzigo umeandikwa," alisema. "Nani anaugusa?"

Sijawahi kusikia Kariakoo imenyamaza mchana. Mwenye tairi alikuwa ameshafika, na alibaki amelishika. Halafu kuli mmoja, jitu la miraba minne, akaguna, akacheka. "Oya, mzee kaandika huyo. Mzigo wa watu huo, pisheni!" Wakamnyanyua yule mtu wanne kwa pamoja, wakamlaza kwenye mkokoteni, wakausukuma mbio kuelekea kituoni huku wakipiga ukelele wao wa kila siku, "Mzigo! Mzigo! Mzigo!" na watu wakipisha kwa mazoea, bila hata kuangalia ni mzigo gani.

Nilimwingiza Mwandishi dukani, nikamkalisha kwenye beseni lililopinduliwa. Alikuwa anatetemeka mpaka mabeseni yanagongana. Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia kwa kumtuliza, na kwa ujinga wangu, "Mwache, mzee, atajua mwenyewe huko. Za mwizi ni arobaini."

Akaniangalia. "Na siku ya arobaini na moja, dada? Siku hiyo mwizi anakwenda wapi?"

Ndipo akaniambia.

Alipelekwa Uingereza akiwa wa kubebwa. Alikulia huko, akasoma huko, akaoa huko, akaiba huko. Alikuwa mwandika maboksi kwenye ghala kubwa la simu za mkononi, mwandiko wake ulisifiwa, na boksi moja moja akaliandika kwenda lisikotakiwa kwenda. Hakunipa kisingizio. "Sikuwa na njaa," alisema. "Niliona inawezekana." Alifanya mara nyingi mpaka akakamatwa, akafungwa, akamaliza kifungo. Asubuhi ya kutoka alivaa nguo zake za kiraia akijua anakwenda kwake, kwa mkewe na binti yake wa miaka saba. Getini kulikuwa na gari lingine linamsubiri. Mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kumalizia makaratasi yake ya uraia. Yalikaa kabatini maisha yote. Kwa hiyo yeye, mwizi ambaye wizi wenyewe alijifunzia kwao, hakuwa wa kwao. Walimleta walinzi wawili kwenye ndege, akaketi katikati yao. Hapa uwanja wa ndege walimpa mfuko wa plastiki wenye nguo zake. "Mmoja alinitakia safari njema," alisema. "Nilikuwa nimeshafika."

Akaniambia pia kwamba shuleni walifundishwa jinsi Waingereza wa zamani walivyokuwa wakichoshwa na wezi wao wanawapakia melini, wanawatupa Australia, hata aliyeiba leso au mkate. Walicheka darasani. "Wale walitupwa nchi za watu," alisema. "Mimi wanasema wamenirudisha kwangu. Sasa ni kwangu gani, nikuulize wewe njia ya kwenda kituo cha basi?"

Nilimpaka dawa sikioni. Na mimi ndiye niliyemwita mwizi mbele ya watu, nikapatia bila kujua, na kwa kupatia kule nilijisikia vibaya kuliko kama ningekosea.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi. Aliwadharau wenye mwandiko mbaya, aliwakaripia wateja waliochelewa, na akiwa na hasira alitukana kwa Kiingereza akidhani hatuelewi. Siku moja aliitukana Uingereza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na jioni timu yao ikafungwa mpira, akakataa kula. Nilimwuliza, "Wamekutupa kama maji machafu, unawalilia nini?" Akasema, "Wewe ukifukuzwa na mama yako utaanza kumwita shangazi?" Alipanga chumba Gerezani, mtaa wa pili tu hapo. Nilimwambia Dar nzima hii umekosa mtaa mwingine wa kuishi isipokuwa wenye jina hilo. Akajibu kwamba angalau hapa wanasema ukweli mlangoni.

Simu hakushika. Hakuwa nayo, na ukimpa aishike dakika moja tu wakati unafunga khanga, alirudi nyuma. Ndiyo maana barua zake kwa binti zilibeba namba yangu. Aliziandika kila mwaka, siku ya kuzaliwa mtoto, kwa anwani ya zamani, kwa mwandiko ule ule wa mizigo. Mke alishaolewa kwingine na kuhama. Barua zikaenda, hazikurudi wala hazikujibiwa. Mzee akaendelea. Aliniambia maandishi yake ya kwanza kabisa ya kazi hii yalikuwa jina la binti huyo kwenye kibweta chake cha chakula cha shule. Mtoto alimwuliza kwa nini unaandika, akamwambia, ili kikipotea kirudi.

Mwaka juzi simu yangu ikaita, namba ndefu ya nje, sauti ya mwanamke mzima. Mpangaji mpya wa nyumba ile alikuwa amezihifadhi barua zote kwenye droo, akamtafuta mpaka akampata. Nilivuka barabara nikilia. Mwandishi alisimama, akapeleka mikono nyuma ya mgongo, akainamisha kichwa, nami nikamshikia simu sikioni.

Ikawa hivyo kila mara. Binti anapiga, mimi nashika, yeye anasikiliza mikono nyuma kama yuko mbele ya hakimu. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi lakini nilielewa walichokuwa wanazungumza, maana walikuwa wanazungumza hali ya hewa. Huko mvua. Hapa jua. Huko baridi. Nikamvaa baada ya simu ya tatu. "Mzee, umri wote huo hamjaonana, mnaongea mvua?" Akafuta macho kwa kiwiko. "Tunaanza na mvua, dada. Kwetu kila kitu kinaanza na mvua."

Alitaka kitu kimoja duniani, naye alikisema waziwazi, asubuhi na jioni: amwone. Yeye kwenda hakuwezekana. Aliomba, wakamkataa, akaomba, wakamkataa. Binti akasema atakuja. Akataja mwezi. Mwandishi akanunua kwangu sahani mbili na vikombe viwili, akiviteua kwa kidevu. Mwezi ukapita, binti akaomba radhi, kazi. Akataja mwezi mwingine. Miguu ya mzee ikaanza kuvimba. Alichuchumaa kwa shida, halafu akawa anaandika amekaa kwenye stuli, halafu Bwana Kamba akawa anamwinulia mzigo mpaka mapajani. Daktari alisema figo, akasema na moyo. Binti akataja mwezi kwa mara ya tatu, na safari hii alituma tarehe. Mzee alikuwa ameshaanguka kitandani, na tarehe ile ndiyo iliyokuwa inamlisha. Nilimpelekea uji, ananiuliza zimebaki siku ngapi, ndipo anafungua mdomo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipata ujumbe mrefu. Nikaupeleka kwa Bwana Kamba anisomee, nikitumaini nimeelewa vibaya. Alivaa miwani, akausoma mara mbili kimyakimya.

"Alifika mpaka uwanja wa ndege huko kwao," alisema. "Na begi. Akashindwa kuingia, akarudi nyumbani. Anasema mtu huyu hamjui, anaijua sauti tu. Anasema hamchukii. Lakini haji, dada, hatakuja. Anaomba baba yake asimsubiri."

"Nitamwambia nini mimi?"

"Hivyo hivyo." Akavua miwani. "Mzigo hauna gari, unamwambia mwenyewe hauna gari. Humweki barazani."

Nilitembea mpaka Gerezani nikiyapanga maneno. Nilimkuta amelala chali, fulana nyeupe, vifungo vya kooni hakuna, shingo imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Vile vikombe viwili vilikuwa juu ya meza, vimefunikwa kitambaa. Jirani aliyekuwa anamwangalia akatupisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatabasamu kidogo, kwa sababu ya mambo ya zamani. "Usiniambie kwanza. Chukua makapeni, ipo dirishani."

Nikaichukua.

"Ulikuwepo siku ya yule mwizi mwenzangu," alisema. Alikuwa anapumua kila baada ya maneno mawili. "Watu wote wale. Tairi limefika. Hawakumgusa."

"Hawakumgusa, mzee."

"Usiku kuna vitu vinakuja kunichukua. Navisikia. Niandike, dada. Nikiandikwa havinigusi mpaka afike."

"Nikuandike nini?"

"Jina lake. Halafu, MWENYEWE."

Makapeni ilikuwa imeshafunguka mkononi mwangu, nasikia harufu yake. Nikasema, "Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha. Mzigo hauandikwi uongo."

Macho yake yalikuwa yameingia ndani lakini yalikuwa yananiona barabara.

"Ni uongo?" akauliza.

Mungu anisamehe. Nilikuwa na ujumbe wa mtoto wake kwenye mfuko wa gauni, kwenye simu, na simu ilikuwa bado ya moto kutokana na kiganja changu.

"Si uongo," nikasema.

Nikainyoosha fulana kwa mkono wa kushoto ili isikunjamane, nikahisi mbavu zake moja moja, nikaandika. Jina la binti. Chini yake, MWENYEWE. Alikuwa anafuata kila herufi kwa ngozi, nilimwona midomo inavyotembea. "Hiyo N yako imelala," alininong'oneza, "lori la Mwanza litaikataa." Nikairudia.

"Weka namba," akasema. "Mzigo bila namba unapotea."

Namba ya binti ninayo. Niliinua mkono niiandike, nikaona haitakuwa na maana, upande wa pili wa namba ile hakuna mtu wa kuja. Nikaandika yangu. Niliandika polepole, tarakimu kubwa, na nilipofika ya tano au ya sita akafumba macho. Namba yangu ameiandika yeye kwenye mizigo mara elfu, na kwenye barua zote zile.

"Hiyo naijua," akasema.

Hakuniuliza kabisa binti amesemaje. Nilifunika makapeni, nikakaa naye mpaka akalala, nikarudi kufungua duka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa namfungia mteja mabeseni, simu ikaita. Alikuwa muuguzi. Akanisalimia, akasema kuna mzee ameletwa alfajiri na majirani, wamemwacha mapokezi, hana kitambulisho wala simu, ila ameandikwa fulana nzima kifuani na hawakutaka kuivua kabla hawajapiga namba hii.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Wewe njoo tu, mama," alisema. "Tulitaka kujua, ndiye wewe mwenyewe?"

Bwana Kamba alikuwa amesimama mlangoni kwake ng'ambo ya barabara, ananiangalia. Mteja alikuwa ameshika ncha ya kamba, ananisubiri.

"Ndiyo," nikasema. "Mwenyewe ni mimi. Nakuja kumchukua."